Shajara ya mradi: hewa, nguvu na shabaha kwa bunduki ya mtoto wa ami

Kaskazi ikielekea kwisha

Mradi wenyewe ni huu. Mtoto wa ami yangu anaishi Texas, karibu na Fort Worth, na amekata shauri kwamba Novemba ataingia msimu wa kulungu wa mkia mweupe na bunduki ya hewa badala ya ile ya baruti. Anataka nimfanyie hesabu: atafute nguvu kiasi gani, hewa aijaze vipi, na juu ya mtutu aweke darubini ya aina gani. Mimi si mwindaji. Kazi yangu ni kompresa na mitungi ya wapiga mbizi hapa Nungwi. Lakini bunduki hizi zinakula hewa ile ile ninayoijaza kila asubuhi, ndiyo maana kaanza kwangu.

Niliweke wazi mapema: hakuna bunduki itakayoletwa Unguja kwa ajili ya mradi huu. Silaha huku si jambo la kuchezea, na paa nunga wachache waliobaki upande wa Jozani wanalindwa na sheria. Kazi yangu yote itakuwa ya karatasi, mitungi, kamba na sahani. Kufyatua atafyatua yeye, kwao huko.

Nimeanza na sheria ya Texas kwa sababu ndiyo inayotoa kiwango cha chini, na kiwango hicho ni kizuri kuanzia. Tangu 2018 wanaruhusu kulungu awindwe kwa bunduki ya hewa, ila iwe ya kujazwa hewa kabla, yaani yenye tangi lake. Kipenyo kisipungue inchi 0.30. Risasi iwe na uzito wa angalau greni 150 na itoke kwa kasi ya angalau futi 800 kwa sekunde, au uzito na kasi vyovyote ilimradi nguvu mdomoni mwa mtutu isipungue futi-pauni 215. Nimezigeuza kwa vipimo vyetu: greni 150 ni gramu 9.7, futi 800 ni mita 244, na futi-pauni 215 ni jouli 290 hivi. Zile kanuni mbili karibu zinalingana. Greni 150 kwa kasi hiyo inatoa jouli 289.

Kwa kulinganisha, Uingereza bunduki ya hewa isiyohitaji cheti cha silaha inaishia futi-pauni 12, kama jouli 16. Hiyo ndiyo bunduki ya hewa ambayo wengi wetu tunaifahamu, ya kupigia makopo. Ile ya kulungu ni ukoo mmoja tu, kazi nyengine kabisa.

Masika

Wageni wamepungua, mvua kila siku, kompresa inalala. Nimepata wakati wa kukaa na hesabu.

Swali la kwanza la mdogo wangu lilikuwa: "Kaka, nichukue 0.357, 0.45 au 0.50?" Kila anayeingia katika jambo hili anaanza na swali hilo, na viwanda vinalipenda kwa sababu jibu lake linauza. Umarex wana bunduki yao ya inchi 0.50, Hammer, wanayosema inarusha risasi ya greni 550 kwa futi 760 kwa sekunde. Piga hesabu utapata futi-pauni 705, karibu jouli 956. AirForce, ambao kiwanda chao kiko huko huko Fort Worth, wana Texan ya 0.45 yenye mtutu wa inchi 34, na hiyo inafika futi-pauni 500, jouli 678 hivi.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Hewa yenye shinikizo la bar 200 ikisukuma kitako cha risasi ya inchi 0.45, eneo lake ni kama sentimita mraba moja na kidogo, msukumo unakuwa nyutoni 2,050, sawa na uzito wa kilo mia mbili na ushei. Kwa 0.357 msukumo ni nyutoni 1,290 tu kwa hewa ile ile. Kwa hiyo kipenyo kikubwa kinaleta nguvu bila kuongeza bar hata moja. Hiyo ndiyo siri yote ya bunduki kubwa za hewa. Za baruti zinaweza kuchukua kijirisasi chembamba na kukipa shinikizo kubwa ajabu. Hewa haiwezi, inabidi ipewe mlango mpana na mtutu mrefu.

Kama msukumo ule ungebaki vile vile mpaka mwisho wa mtutu wa inchi 34, tungepata zaidi ya jouli 1,700. Hatupati, kwa sababu valvu inafunguka kwa kitambo kidogo sana na hewa inatanuka huku shinikizo likishuka. Kupata jouli 678 ni chini ya asilimia 40. Hapo pia nimeelewa kwa nini risasi nzito huonyesha jouli nyingi zaidi katika bunduki ile ile. Inakwenda polepole ndani ya mtutu, hewa inapata muda wa kuisukuma. Nyepesi inatoka mbio kabla hewa haijamaliza kazi.

Nikamuuliza: je, unataka jouli au unataka kulungu? Kimya. Akatuma kikatuni cha mtu anayecheka.

Naandika hapa ninavyoona mimi: baada ya kuvuka kile kiwango cha Texas kwa nafasi ya kutosha, tuseme jouli 500, kinachoamua si nguvu tena. Ni hewa aliyonayo mkononi na umbali anaoweza kuupima. Yaliyobaki katika shajara hii yanahusu hayo mawili.

Hili moja la historia sikuweza kuliacha. Jeshi la Austria lilikuwa na bunduki ya hewa mwaka 1780, kazi ya fundi Bartolomeo Girandoni, yenye ghala la risasi kama 20, na tangi lake ndilo lilikuwa kitako. Lilijazwa kwa pampu ya mkono, mipigo ipatayo 1,500. Bunduki ya hewa ilikwenda pia na msafara wa Lewis na Clark kuvuka Marekani, 1804 mpaka 1806, na walikuwa wakiionyesha kwa wenyeji ili waogopwe. Mwenye kuilaumu pampu ya mkono ya leo na awafikirie wale askari.

Bado masika: upande wa hewa

Hapa ndipo penye uwanja wangu, na hapa ndipo wengi wanapopotea.

Mdogo wangu alikuwa amepanga kununua mtungi wa kawaida wa kupiga mbizi, wa alumini, ule wa lita 11.1 unaojazwa bar 207. Bei yake nafuu, na karibu yake kuna duka linalojaza. Tuseme tangi la bunduki ni nusu lita na linataka bar 200, naye anapiga mpaka libaki bar 150 ndipo ajaze tena. Kila kujaza kunachukua hewa ya bar 50 mara nusu lita. Mtungi wa lita 11.1 unashuka kwa bar 2 na robo hivi. Unaanza 207, unakuwa 204 na kitu, 202 na kitu, 200 na kitu. Basi! Baada ya kujaza mara tatu mtungi bado unaonekana umejaa, mpiga mbizi angeshuka nao saa nzima, lakini bunduki haipati tena bar 200 zake. Hewa haipandi mlima. Inahama kutoka palipo na shinikizo kubwa mpaka pande mbili zilingane, halafu inasimama.

Mtungi wa nyuzi za kaboni wa lita 6.8 uliojazwa bar 300 ni mdogo zaidi na mwepesi zaidi, ila kila kujaza unashuka bar 3.7 tu na una bar 100 za kuchezea juu ya ile 200. Hesabu inasema utajaza mara 27 kabla bunduki haijaanza kupungukiwa. Tofauti ya 3 na 27 ndiyo tofauti ya kuwinda na kurudi nyumbani mapema.

Nilitaka kuona kwa macho. Karakana tuna kitungi cha nusu lita, vile ambavyo baadhi ya watalii huja navyo, nikakiunganisha na mtungi wa alumini kupitia mpira wa kujazia wenye geji. Nilijaza taratibu, nikakimwaga mpaka 150, nikajaza tena. Namba zilifuatana na karatasi, isipokuwa jambo moja ambalo kila mjazaji analijua: ukifungua valvu kwa pupa kitungi kinapata moto, geji inasema 200, ukirudi baada ya chai inasema 190 na kitu. Kwa hiyo nimemwandikia mdogo wangu: fungua kidogo, subiri kipoe, ongeza.

Mengine niliyomwandikia ni sheria za karakana yetu. Hewa iwe kavu, imepita kwenye chujio. Wakati wa masika mimi nabadilisha chujio la kompresa mapema kwa sababu hewa ya hapa imebeba maji, na maji ndani ya tangi la chuma ni kutu unayoibeba karibu na shavu lako. Oringi, zile pete za mpira za kuziba hewa, zipakwe grisi ya silikoni tu. Mafuta ya petroli karibu na hewa ya shinikizo kubwa yanaweza kuwaka. Oksijeni asiiguse kabisa, hata akiambiwa ni bure. Na kiunganishi kiwe cha skrubu, cha DIN kinachokubali bar 300, si kile cha kubana kwa klampu kinachoishia 232.

Kuhusu baridi: akijaza bar 200 sebuleni kwenye nyuzi 22, alfajiri ya nyuzi 2 porini tangi litasoma 186 bila kupiga hata risasi moja. Bunduki isiyo na regyuleta, kile kifaa cha kusawazisha shinikizo, itabadilika kasi kwa hilo, na risasi itatua pengine. Yenye regyuleta inatunza shinikizo la kufyatulia chini ya lile la tangi, mathalani ile Hammer inabeba bar 310 na kutumia 207, kwa hiyo mipigo ya mwanzo inafanana. Ni mipigo michache, miwili mitatu. Kwa kulungu inatosha. Ukihitaji wa nne, kuna jambo jengine limekwenda kombo.

Kusi limeanza

Kazi ya shabaha. Nilidhani itakuwa fupi, imekuwa ndefu kuliko ya hewa.

Nimetengeneza jedwali kwenye simu. Nikachukua risasi ya 0.45 yenye greni 350, mita 244 kwa sekunde, darubini ikiwa sentimita 5 juu ya mtutu, na shabaha imerekebishwa ipige sawasawa mita 50. Nilikisia kasi inavyopungua njiani, kwa hiyo namba ni za kuzungukia:

mita 25: sentimita 3 juu
mita 50: katikati
mita 70: sentimita 10 chini
mita 75: sentimita 14 chini
mita 90: sentimita 28 chini
mita 100: sentimita 40 chini

Zitazameni hizo mbili za mwisho. Mtu akidhani kulungu yuko mita 90 kumbe ni 100, amepungukiwa sentimita 12. Sehemu ya kifua ambayo risasi ikiingia mnyama hateseki, mapafu na moyo, wawindaji wanaihesabu kama duara la sentimita 20, kwa hiyo kutoka katikati una sentimita 10 kila upande. Kosa la mita kumi limekutoa nje, na risasi imeingia tumboni au mguuni. Hapo jouli 678 au 956 hazina msaada wowote.

Nikajaribu risasi nyepesi, greni 200 kwa mita 290 kwa sekunde. Nguvu inashuka mpaka jouli 545, bado karibu mara mbili ya kiwango cha sheria, na kwenye mita 100 inadondoka sentimita 29 badala ya 40. Njia imenyooka kidogo, si sana. Hakuna risasi ya hewa itakayomsamehe mtu asiyejua umbali.

Basi tukaenda pwani maji yalipokupwa. Nilipiga vigingi kwenye mchanga kwa kamba iliyopimwa, 25, 50, 70, 100, na vyengine kati kati ambavyo sikuvisema. Kwenye kila kigingi nikatundika sahani ya plastiki yenye upana wa sentimita 20. Kisha nikawa namsimamisha mtu, namwambia: ile sahani iko umbali gani? Vijana wa maskani, wavuvi waliokuwa wakishona nyavu, mpishi wa hoteli jirani aliyekuja kuuliza tunauza nini.

Karibu wote walikisia pafupi kuliko palivyo. Mchanga mweupe, jua kali, hakuna mti wala ukuta wa kulinganishia. Sahani ya mita 100 wakaiita 70, 75. Mzee mmoja nahodha wa mashua ndiye aliyekaribia, naye hakukisia kwa macho matupu. Alinyoosha mkono, akafumba jicho moja, akaipima sahani kwa ukucha wa kidole gumba. "Mwanangu, baharini ukikisia kwa moyo utapanda mwamba," akasema, akarudi kwenye nyavu zake.

Alichofanya nahodha ndicho zinachofanya alama ndogo ndani ya darubini ya bunduki. Mili moja ni sentimita 10 kwa mita 100, au sentimita 5 kwa mita 50. Ukijua kifua cha kulungu kina kimo gani, unahesabu alama na kupata umbali. Inawezekana, lakini kwa mnyama anayetembea kichakani alfajiri mimi nisingeitegemea. Nimemwambia anunue kipima umbali cha leza kabla hajanunua darubini, na fedha zikibana, apunguze kwenye darubini.

Kusi, upepo mkali: mazungumzo na shehe

Hili halikuwamo katika mpango. Mdogo wangu aliuliza kwa sauti ya WhatsApp: "Kaka, na nyama yake je, ni halali?" Swali lake lilikuwa na haki, maana asili ya bunduki ya hewa ni kigololi. Nikamwendea shehe wetu baada ya alasiri.

Shehe alianza na aya ya tatu ya Sura ya Al-Maida, inayoharimisha mnyama aliyekufa kwa kipigo. Kisha hadithi ya Adiy bin Hatim: kilichochomwa kwa ncha kikatobolewa, kuleni, kilichopigwa kwa ubavu wa mti, msile. Akasema katika madhehebu yetu ya Shafi wanavyuoni wa zamani walikuwa wakali kuhusu vigololi vya kurushwa, kwa sababu vinaua kwa kishindo. Risasi za leo zinatoboa, na wapo wanavyuoni wengi wanaozihesabu kama ncha. Naye ameelekea huko, kwa sharti kwamba mtu ataje jina la Mwenyezi Mungu anapofyatua, na akimkuta mnyama bado ana uhai amchinje. "Mwambie asitafute kukiponda," akaniambia. "Atafute kukitoboa."

Nikabaki nacheka peke yangu njiani, kwa sababu fundi yeyote wa bunduki za hewa angemwambia hivyo hivyo. Bunduki ya baruti ya kawaida ya kulungu ina jouli elfu mbili, tatu, na sehemu ya kazi yake ni mshtuko. Ya hewa haina mshtuko huo. Inaua kwa tundu, damu na pumzi, kwa hiyo risasi iingie ubavu mmoja na itokee wa pili. Ile yenye shimo kichwani, iliyotengenezwa ili ichanue, kwa kasi hizi ndogo wakati mwengine haichanui, na ikichanua mapema haifiki ng'ambo. Nimeandika katika karatasi yake: risasi ngumu, pua ya mviringo au bapa kidogo, nzito.

Kwa hiyo greni 350 imeshinda greni 200, ingawa inadondoka zaidi. Adhabu yake ni kusogea karibu.

Demani inaingia

Darubini. Nimepunguza mjadala kwa makusudi, kwa sababu mdogo wangu alikuwa ameanza kunitumia picha za midude yenye kukuza mara 24.

Kwa mita 70 hahitaji hata mara 10. Wawindaji wanafyatua mwanga ukiwa mdogo, na hapo kuna hesabu rahisi: upana wa kioo cha mbele gawa kwa ukuzaji ndio upana wa mwanga unaofika jichoni. Kioo cha milimita 40 kwa ukuzaji wa mara 4 kinatoa milimita 10, zaidi ya mboni inavyoweza kupokea gizani, ambayo ni kama 7. Kioo hicho hicho kwa mara 10 kinatoa 4, na picha inafifia. Kukuza sana pia kunamnyima upana wa kuona, mnyama akipiga hatua mbili amepotea.

Paralaksi iwe ya kurekebishika mpaka mita 20 au 25. Darubini nyingi za bunduki za baruti zimewekwa kwa mita 90 au 100, na kwa karibu jicho likisogea kidogo msalaba nao unasogea juu ya shabaha. Alama za mili ziwepo, chache. Nukta nyekundu isiyokuza nimeiweka kama chaguo la pili, kwa mita 40 kushuka chini, na kilengeo cha chuma cha kawaida sikukitupa: hakina betri, hakina ukungu, na ujana wake una macho mazuri.

Uamuzi tuliofikia: 0.45, risasi ya greni 350, shabaha mita 50, mwisho wa kufyatua mita 70. Ndani ya hapo risasi haitoki nje ya ile sahani, juu wala chini, na hana haja ya kusogeza msalaba wala kukumbuka namba. Baada ya 70 anashusha bunduki. Alilalamika kidogo kwamba kanunua nguvu za mita 100 na mimi nimempa 70. Nikamtumia picha ya sahani niliyoipiga pwani kutoka kigingi cha mia.

Yaliyobaki

Bunduki ameshaipata. Mtungi wa kaboni aliutaka wa mtumba, nikamwambia kwanza anisomee tarehe iliyopigwa juu yake. Kwao Marekani mitungi hiyo hupimwa kwa maji kila miaka 5 na mingi mwisho wake ni miaka 15. Alioutaka ulikuwa umebakiza muda mfupi, tumeuacha, ameagiza mpya.

Anatakiwa aazime kipima kasi na kunipa kasi halisi ya mtutu wake, maana ile mita 244 niliyotumia ni namba ya karatasi. Apige tangi likiwa 200, halafu likiwa limeshuka, asubuhi ya baridi na mchana. Nikizipata nitaandika upya jedwali, na ile kadi atakayobandika kwenye kitako itatoka hapo, si katika makisio yangu ya Nungwi. Kama kasi itakuwa chini ya mita 230, mwisho wa kufyatua nitaurudisha 60, na kwa hilo hatutajadiliana.